Vioo Kwenye Kichanja cha Kahawa

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kungoja vitu vife. Kituo chetu kinajaribu sola za perovskaiti, aina ya madini yanayopakwa juu ya kioo kama rangi. Bei yake nafuu, mwanga yanaunyonya vizuri, ila yana ugonjwa mmoja: joto na baridi vikipokezana, tabaka moja hutanuka na kusinyaa kuliko jingine, mwisho yanaachana na kioo kinakufa. Sisi tulikuwa tumeweka gundi mpya kati ya matabaka hayo. Ikishindwa, mradi unafungwa, na mkataba wangu ulikuwa ndani ya mradi huo huo.

Vioo vya kwanza tuliviweka Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, ambako hata usiku ni joto. Vya pili nikaomba viende kwetu Litembo, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba usiku wa kule unauma mifupa, na mchana jua linachoma. Mama alinipa kichanja kimoja cha kahawa pale uani. Hakuuliza vioo vinafanya nini, aliuliza vikipasuka itakuwaje. Nilikuwa nimechoshwa na bodaboda ya kutoka Mbinga, nikamjibu kwa mkato kwamba vikipasuka na kazi yangu imekwisha. Nikamwambia pia visiguswe.

Kila mwezi nilipanda asubuhi kuvipima. Kipimajoto tulikifunga kwenye nguzo ya nyumba, nacho kiliandika baridi na joto kama tulivyotarajia. Vya ufukweni vilianza kufifia mapema, vya Litembo havikutikisika. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka, maana vya Litembo ndivyo vilivyopaswa kufa kwanza. Lakini mwenye njaa hana miiko. Mkuu wetu alisema unyevu wa ziwa ndio uliomaliza vile vya chini, sote tukakubali, tukaanza kuzungumzia kuongezewa muda.

Mama alifariki mwezi wa tisa, kwa nimonia iliyomchukua ndani ya wiki. Sitaki kulisimulia hilo. Bado nina hasira, na sijui nimpelekee nani. Tulimzika, nikarudi kazini kabla ya arobaini. Nilipopanda tena Litembo, vioo vyote vilikuwa na madoa ya njano na nyufa nyembamba. Nilivipima, nikarudia kuvipima. Vilikuwa vimekufa.

Nilimuuliza wifi yangu, mke wa kaka, aliyebaki na nyumba, kama kuna watoto waliovichezea. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. Kwetu kahawa iliyomenywa haiachwi juani saa sita, ganda litapasuka. Inafunikwa, inafunuliwa jua likipoa, kisha jioni inafunikwa tena umande usiiharibu. Aliyezoea kuanika hafikirii, mkono unakwenda wenyewe.

"Mama alikuwa anavifunika pamoja na kahawa," alisema. "Hakuvigusa, wifi. Alisimika vijiti, akatandaza shuka juu. Alisema vikipasuka watakufukuza. Kahawa ilikwisha wiki ile ile ya msiba, sisi tukaacha."

Nililia pale kichanjani kuliko nilivyolia msibani. Mama akiwa hai, gundi yetu haikuwahi kujaribiwa. Baridi yote tuliyoiandika na jua lote tulilolisifia viliishia juu ya shuka la mama, na mimi nilikuwa nafika asubuhi, vimeshafunuliwa, napima na kufurahi.

Nilimpigia mkuu simu nikamweleza yote. Alinipa pole tena, na nilisikia kwamba imetoka moyoni. Kisha akasema, "Vipimo vya kabla ya msiba vitoe vyote. Tuhesabu kuanzia baada ya mazishi."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Nilivitoa. Mradi ulifungwa mwaka huo huo. Kwenye ripoti ya mwisho, Litembo inaanza siku iliyofuata mazishi, na miezi ambayo mama alikuwa hai haimo.