Nani Atambeba Bibi?

Mwishoni mwa mwaka 1978 kaka yangu Shabani alipanda lori la jeshi pale Mkata kwenda vita vya Kagera. Hakurudi. Lakini mwanangu, nikimkumbuka sianzii hapo. Naikumbuka siku ya zoezi, siku chache kabla hajaondoka, nilipocheka mpaka kanga ikanidondoka.

Wanajeshi walikuwa wamepiga kambi karibu na kijiji chetu cha ujamaa, wakifundisha mgambo. Tulichimba nao handaki nyuma ya shule, wao kwa sururu, sisi kwa majembe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sajenti wao, Mnyamwezi mrefu, alituambia: ndege ya adui ikitokea filimbi italia, na kila mtu akimbilie handakini.

Filimbi ikalia! Mwanangu, kijiji kizima kilichomoka. Kuku wakaruka, sufuria zikapinduka, mzee mmoja akatumbukia handakini na mbuzi wake kifuani. Sajenti akapiga makofi. "Safi! Raia wote salama!"

Shabani, aliyekuwa katika mstari wa mgambo, akasema, "Afande, bibi yangu hayumo."

Bibi alikuwa amepooza miguu. Shabani ndiye aliyembeba kila mahali, na sasa jeshi lilikuwa linamchukua. Siku zile alikuwa hapati usingizi, akiwaza nani atambeba. Tukaenda nyumbani na sajenti na askari wake, tukamkuta Bibi barazani, anachambua mbaazi.

Sasa, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Bibi aliweza kumwambia Mnyamwezi lolote, hata mwenye bunduki, na yeye hana ruhusa ya kukasirika.

"Shikamoo, mtani," sajenti alisema.

"Marahaba. Mnyamwezi wewe, umetoka huko kwenu kuja kuokoa mbuzi? Au mnangoja nife mje mle ubwabwa wa matanga?"

Askari wakaangua kicheko. Sajenti naye akacheka, kisha akachuchumaa, akampa mgongo. "Panda. Babu zangu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kikongwe utanishinda?"

"Kumbe babu zako walikuwa punda!"

Wakaondoka mbio, Bibi akimchapa begani kwa kiganja. "Kaza, punda, kaza!" Sisi nyuma vigelegele mtindo mmoja.

Pale handakini sajenti akabadili amri. Kila asiyeweza kukimbia apewe mtu wa kumbeba, kabla filimbi haijalia. Akatuuliza sisi wenyewe, maana sisi ndio tuliojua nani analala wapi. Bibi nikapewa mimi. Shabani alinitazama nikimwinua, akasema, "Haya. Sasa naweza kwenda."

Ndege haikuja Mkata. Hata hivyo nakuambia, mwanangu: mwenye bunduki akija kukulinda, mpokee, mgeni njoo mwenyeji apone. Ila mwambie ukweli wa nyumba yako, hata mbele ya askari wake. Nawe ukivaa gwanda, uliza kwanza ni nani hawezi kukimbia. Mungu akupe mgongo wa kubeba wenzio, na siku yako ikifika asikunyime wa kukubeba.

Vita vilipokwisha tuliweka matanga bila kaburi. Siku ya mwisho sajenti akatokea, anachechemea. Watani hutania hata msibani, ndiyo kazi yao.

"Mtani, ubwabwa umebaki?"

Bibi hakuwa amesema neno tangu habari zilipokuja. Akamtazama sana.

"Umechelewa, punda."

Sajenti akachuchumaa, akampa mgongo. Bibi akapanda.