Nyirakamana Alikataa Tuandikwe Kabila

Wamama wa kanisa wamenisumbua wiki mbili: andika habari ya Nyirakamana, weye ndiye ulimujua. Minye niliacha masomo mwaka wa pili, na vidole vinaniuma. Wao wako na watoto wenye diploma. Lakini wale watamufanya malaika, na Nyirakamana alikuwa na mudomo mubaya. Basi naandika, na muntu asinisahihishe.

Alitoka milima ya juu, kwa wafugaji. Mume wake walimukata na panga mbele yake mu vita ya kwanza. Alimuzika peke yake, kesho yake akakamua ng'ombe. Kisha akashuka Uvira, akapanga Kilibula, mulango kwa mulango na wangu. Minye ni Murundi wa bonde la Ruzizi. Tulikuwa tunagombana kila siku.

Waasi wakiwa wameshika muji, tajiri Sévère, mwenye nyumba ya maziwa ya Kavimvira, alileta oridinateri, ndiyo kompyuta, na fundi wake, Félicien. Fundi aandike programu ya kujua bidoni, dumu ya maziwa, ya nani imefika na saa ngapi, maana maziwa ikichelewa inaharibika. Sévère alimupa karatasi: jina, baba, kijiji, kabila. Félicien akaandika vile vile. Sisi wamama wabebaji wa maziwa, minye na Nyirakamana na wenzetu, hakutuuliza kitu.

Nyirakamana aliposikia, aliingia ofisini bila hodi.

"Kabila ni ya nini, patroni?"

"Nijue maziwa ya milima na ya bonde. Haifanani."

"Kama ni maziwa unataka kujua, onja. Ao ni minye unataka kujua?"

Sévère alicheka. "Mama, oridinateri haina ulimi."

"Wenye bunduki wako na macho."

Akamugeukia fundi. "Na weye, umekwisha kubeba bidoni?"

Hakuwa amebeba. Akamubebesha siku tano, toka chini ya mulima mpaka Kavimvira, akimutukana njia yote. Pale fundi akaona namna tunavyojuana: kila mama anafunga kipande cha kitambaa ku mukono wa bidoni. Chekundu chenye nukta ni cha Nyirakamana, kijani ni changu. Jina hakuna anayeliita.

Félicien alimurudia Sévère. "Mukubwa, nimeandika kintu wasichotumia."

"Na mutu akitia maji mu maziwa, nitamushika nani?"

"Utataja kitambaa," Nyirakamana akamujibu, "na sisi wenyewe tutakuletea mwenye nacho."

Wote watatu waligombana siku mbili. Mwisho majina na kabila vikatoka, vitambaa vikaingia, na Sévère akapata nafasi yake ya onjo: nzito ao nyepesi.

Mwezi wa kumi kikundi kingine kilifukuza waasi, kikaanza kutafuta watu wa milima nyumba kwa nyumba. Mu mutaa wa Nyamianda niliona muzee mumoja amechomwa ndani ya nyumba yake. Asubuhi ile ile walifika ku nyumba ya maziwa. Tulikuwa wamama kumi na tisa. Komanda alikuwa amesikia kwamba iko mashini inayojua watu.

"Toa majina ya wa milima."

Félicien akafungua oridinateri. Vitambaa tu. Komanda akamulaza mukono juu ya meza, akaupiga na kitako cha bunduki.

"Majina."

"Haiko, mukubwa. Hatukuyaweka."

Akapiga tena. Tulisikia mifupa.

Akamugeukia Sévère. "Weye patroni unawajua."

Sévère alivua kofia. Alituangalia sisi wote, mumoja mumoja. "Minye ninajua vitambaa," akasema. Walimupiga risasi mbili za kifua.

Komanda akasoma mu oridinateri. "Chekundu chenye nukta, ni ya nani?"

Nyirakamana alikuwa amepiga magoti, kichwa kimefunikwa, anapangusa damu na maziwa. Minye nikasema: "Ni yangu." Kitako kikaniingia mudomoni, meno ine yakatoka. Komanda akaniuliza kijiji, nikamutemea Kirundi cha bonde pamoja na damu, akajua minye si wa milima. Akauliza kitambaa kingine. Georgette, mama wa Kavimvira, akasema ni yake. Akauliza kingine, mama mwingine wa bonde akakishika. Alichoka. Akapiga oridinateri risasi, wakakunywa maziwa yetu, wakaenda.

Nyirakamana aliosha maiti ya Sévère kwa mikono yake. Kisha akaniangalia mudomo. "Meno yenyewe ilikuwa mabaya," akasema.

Félicien vidole viwili havikupona. Nyirakamana alikufa mwaka jana, mu kitanda chake, akigombana na muganga.

Na sasa iko watu wanapita Kilibula na simu, wanaandika nyumba zote, na nafasi ya kabila iko ndani. Kama weye unayesoma ndiye unayewatuma, ao unayewatengenezea programu, ifute leo. Kisha uniletee simu hiyo. Nitaangalia mwenyewe, hata kama kusoma kwangu ni kidogo.