Nilivyotembezwa na app mitaa ya Deira kutafuta kibaraza cha Baba Salma

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Haya nayatoa kwenye daftari langu. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia. Majina nimebadilisha na mwenye habari ameridhia niandike.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, naishi Malangali hapa Sumbawanga. Cherehani yangu iko barazani kwenye duka la Mama Salma huku mjini, mwaka wa kumi na sita huu.

Waliokuwepo zamani mtamkumbuka marehemu mume wake, Baba Salma. Ndiye alikuwa analeta yale mablanketi mazito ya mistari kutoka Dubai. Mzigo ukishushwa mwezi wa sita, baridi ya kwetu mnaijua, watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Ndugu zetu wa Mtowisa kule bondeni kwenye joto walikuwa wanapita wanatucheka, eti tunajifunika kama wagonjwa. Mimi nikiwa mdogo mama yangu alininunulia moja. Mpaka leo nikishika kitambaa kizito nayakumbuka yale.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Mwaka jana Mama Salma alitaka kwenda Dubai mwenyewe, akanichukua nimsindikize. Alisema nakijua kitambaa kwa kukishika. Nilijua ni kisingizio. Mafundi wazuri kunizidi wapo wengi tu.

Tulipofika mguu ukamvimba kwa safari ya ndege. Siku ya pili hawezi hata kuvaa ndala. Ndipo akanieleza kilichompeleka.

Enzi zile Baba Salma akisafiri alikuwa anaacha namba ya simu ya duka moja la mablanketi mtaa wa Deira. Mama Salma akipiga mchana, simu inaita mpaka inakata. Akirudi mume anaulizwa. Anajibu kwamba kule maduka yanafungwa mchana, na yeye alikuwa amekaa kibarazani anasubiri, anaisikia simu ikiita ndani.

Mama Salma hakuamini. Duka la mjini lifungwe mchana kweupe? Sumbawanga hakuna anayefanya hivyo labda kuna msiba. Akajua kuna mwanamke. Walikosana kwa hilo miaka, na mzee akafariki halijaisha.

"Mwanangu," aliniambia, "nenda ukakione hicho kibaraza. Kama hakipo, usinifiche."

Najua mtasema si angeuliza tu mapokezi pale hotelini. Hata mimi niliwaza hivyo. Ila kuna swali mtu hawezi kumuuliza mgeni.

Salma, binti yake, alikuwa ameshaniwekea app ya kuongoza watalii. Ina ramani na sauti ya Kiswahili. Alichukua anwani kwenye risiti ya zamani ya lile duka akaiweka iwe kituo cha mwisho. Nikavaa earphone, nikatoka asubuhi.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu.

Ile sauti ilikuwa ya mzee. Mzee kabisa, anaongea polepole, anakuita "mgeni wetu". Kwetu Ufipani mzee akiongea huondoki. Unasubiri amalize, unainama, unapiga vikofi taratibu, ndiyo unaaga. Mimi najua ile ni simu, sio kwamba sijui. Lakini mwili ulikataa kumkatisha.

Kituo cha viungo akaeleza karafuu na iliki zilikotoka. Nikasimama mpaka mwisho. Kituo cha dhahabu akaeleza mizani za zamani. Nikasimama. Kwenye vitambaa hapo nakiri nilifurahi, nikamsikiliza mara mbili. Kila akimaliza najikuta nimeinama na viganja vimekutana. Dada mmoja mtalii alinipisha kwa heshima, nafikiri alidhani nasali.

Njia ambayo Salma aliniambia ni ya nusu saa, mimi nilitumia asubuhi nzima.

Nafika kituo cha mwisho, saa saba imepita kidogo. Mlango umefungwa. Na wa jirani umefungwa. Mtaa mzima makufuli.

Nilitaka kulia. Nikaona nimetumwa kitu kimoja tu na nimekichelewesha kwa upumbavu wangu. Mbaba mmoja wa mkokoteni akaninyooshea vidole vinne, kisha akaonyesha mlango. Nne ya kule, yaani kwetu saa kumi, ndiyo watafungua.

Mbele ya duka palikuwa na kibaraza cha saruji. Nikakaa.

Nadhani nilikaa kama robo saa ndipo akili ikanijia. Nimekaa wapi? Na kwa nini?

Nikapiga picha ya mlango, kufuli, na mtaa ulivyo mtupu. Nikamtumia Mama Salma na voice note, maana kupiga kule kulikataa. Nikasema, "Mama, kibaraza kipo. Nimekikalia. Mchana wanafunga, mtaa wote."

Nikabaki pale pale kusubiri wafungue.

Saa kumi akaja mwenye duka, mtu wa makamo, Kiswahili chake cha Unguja. Nikamwonyesha picha ya Baba Salma. Hakumkumbuka. Alisema baba yake ndiye angejua, naye ameshatangulia. Ila kufunga mchana ni tangu enzi za baba yake, na wateja wa Afrika walikuwa wanakaa pale pale kusubiri.

Nilirudi nikamweleza Mama Salma vyote, hata hilo la kutokumbukwa. Nikamwambia pia ukweli kwamba mimi nimethibitisha kufuli tu, mengine ya mzee siyajui.

Aliitazama tena ile picha ya kufuli. Halafu akasema, "Aliniapia. Nikamwambia hata wezi wanaapa."

Kesho yake akataka teksi. Sio asubuhi, alitaka mchana, wakati wamefunga. Nikamshusha na mguu wake, akakaa pale kibarazani, mimi nikasogea pembeni. Alikaa mpaka mlango ulipofunguliwa. Mwenye duka alimkaribisha ndani, akashukuru, hakuingia.

Niitendee haki ile app. Baadaye niliifungua nikakuta saa za kufunga zimeandikwa pale chini. Ni mimi sikusoma.

Nilichojifunza, sijui kama ni sahihi: ukimwona mtu muongo, angalia kwanza kama ulishawahi kufika huko anakokusimulia. Mama Salma angeweza kupanda ndege ile mume wake akiwa hai, uwezo walikuwa nao.

Mnaopajua Deira nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna aliyewahi kumuomba msamaha mtu ambaye hayupo tena, atuambie alifanyaje. Mama Salma hasomi humu, mimi ndiye nitakayemsomea.