Tulimsifia mtoa dawa wetu wa Misima mpaka mwanangu akakosa dawa

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa Misima, Handeni. Sijasimuliwa na mtu. Jina la mhusika silitaji maana nampenda, na wanawe najua wanasoma humu.

Nina hasira. Ila msome mpaka mwisho mjue namkasirikia nani.

Mtaani kwetu kuna duka moja la dawa. Mwenyewe ni mama wa makamo, sisi tunamwita Mama Dawa.

Huyu mama siyo muuzaji tu. Ukinunua dawa ya maji ya mtoto, anachukua rangi ya kucha nyekundu, anachora mstari kwenye kikombe cha kupimia, ili hata kama hujui kusoma usizidishe. Kuna yeyo mmoja wa Kimaasai, bibi wa watu, ana vikombe vitatu vya mistari kavipanga kabatini kama vyombo vya wageni.

Ukipita na mtoto mgongoni anakuita: "We, hebu rudi! Huyo mtoto mbona anapumua hivyo?"

Na hujamuuliza kitu.

Mimi mtoto wa kwanza nilimzaa nimemaliza form four juzi tu, hata kumwogesha naogopa. Aliyenifundisha ni yeye. So mjue natokea wapi.

Sasa. Miezi kadhaa nyuma wakaja wageni wawili kutoka wilayani, kaka na dada, na vishikwambi vyao. Wanapita nyumba kwa nyumba: duka la dawa la hapa linakidhi mahitaji yenu? Dawa gani mnakosa? Mnaifuata wapi?

Kabla hawajafika kwetu, habari ilishafika kwenye mashine ya kusaga. Na habari za mashineni mnazijua. Ilianza "wanakagua", ikawa "wanafunga", ikaishia "kuna mtu kamchongea Mama Dawa".

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Nikasimama pale, ndoo ya unga kichwani, nikatoa amri kama mkuu wa mkoa: "Jamani, kila mtu aseme dawa zote zipo. Hatujawahi kukosa. Mtu asituletee ujuaji!"

Yeyo akauliza, "Na ile ya presha ya mume wangu, naifuata Handeni mjini kila mwezi?"

Nikamjibu, "Yeyo, siku hiyo mumeo hana presha."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wale wageni walipita nyumba zote wakapewa jibu moja kama kwaya. Yule dada aliniuliza mara mbili: "Una uhakika, dada? Hata ya mtoto hujawahi kukosa?"

Nikamkazia macho. "Hata siku moja."

Wiki chache baadaye, vumbi la mavuno limetanda kila mahali, mwanangu wa pili, ana miaka mitatu, akaamka anakohoa. Kufika saa nne asubuhi mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na analia bila sauti.

Mama aliyewahi kuona mtoto analia bila sauti hahitaji maelezo.

Nikakimbia naye zahanati. Wakamvutisha dawa kwa mashine, akatulia. Wakasema ni pumu, abaki pale waendelee kumwangalia. Mganga akaandika ile dawa ya kupuliza mdomoni, akaniambia hii ukae nayo nyumbani siku zote, ikimbana tena ndiyo itakayomfikisha hapa akiwa mzima. Ya kwao imeisha. Niitafute dukani.

Nikamwacha mtoto na mama yangu, nikaenda mbio kwa Mama Dawa. Akasoma cheti, akakirudisha taratibu.

"Hiyo sina, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo."

Wakuu, nililipuka. Nilimwambia duka gani hili halina dawa ya pumu na sisi tunaishi ndani ya vumbi. Nilimwambia unachojua ni kupaka rangi vikombe tu. Nilisema hivyo kweli, sifichi.

Akachukua simu, akapiga maduka ya Handeni mjini. Hakuna. Akapiga Korogwe, kwa mwenzake waliyesoma naye, ana duka Kilole. Ipo!

Akafunga duka mchana kweupe. Tukapanda pikipiki moja, mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma na mwili wake ule. Kila tuta nalaliwa mgongoni na anasema "samahani mwanangu". Mimi nimenuna.

Tulipoipata dawa, akanunua maji ya chupa ndogo, akaniambia kunywa umalize. Kisha akakaa kwenye benchi nje ya duka la mwenzake, akaanza kuitoboa ile chupa kitako kwa kisu cha moto, polepole, akipima na mdomo wa dawa. Mtoto mdogo hawezi kuivuta moja kwa moja, inapulizwa kwenye chupa kwanza halafu anavutia humo.

Akiwa ameinamia kazi yake akasema, "Wale wa vishikwambi niliwaita mimi."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Niliandika barua mara mbili. Niliomba waje wawasikie mnakosa nini, ili niruhusiwe kuongeza dawa na nipelekwe mafunzo. Wameanza na kata zenye upungufu. Ya kwetu wameandika inajitosheleza."

"Sasa kwa nini hukutuambia, Mama?"

"Nilikatazwa kuwaelekeza majibu. Nikasema moyoni, watu wangu watajisemea wenyewe." Akaijaribu chupa, ikakaa sawasawa. "Mkanisifia."

Nililia pale Kilole kama mtoto. Yeye ndiye alinibembeleza.

Mtoto anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Jumapili yake nikaita kikundi, nikakiri mbele ya wote, Mama Dawa akiwepo. Nikasema kila mtu ataje alichokosa. Ilikuwa ngumu, kumsema mtu unayempenda huku anakuangalia. Mwisho mama mmoja akasimama, akasema mwanawe ana kifafa, dawa humfuatia Korogwe, na mara mbili aliikosa akawa anamfungia ndani. Hakuwahi kumwambia Mama Dawa asije akajisikia vibaya.

Mama Dawa akajifuta macho kwa kanga. "Kumbe mnanihurumia mimi, wanaoumia ni watoto?"

Hapo ndipo midomo ikafunguka. Niliandika mpaka daftari likaniishia, nikalipeleka kwa mtendaji wa kata.

Juzi yule dada wa wilayani karudi. Kawasha kishikwambi, swali lilelile: duka linakidhi mahitaji?

Mama Dawa amesimama mlangoni, ananitazama.

Nikasema, "Halikidhi."

Akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kuhudumia mteja.

Majibu ya wilaya bado. Nilichojifunza: ukimpenda anayekuhudumia, taja kinachopungua. Mimi nilimfunga mdomo yeye na wengine wote, na aliyelipa ni mwanangu.

Nyie wa Kwamndolwa, wa Handeni mjini, wa popote: mara ya mwisho mlipoulizwa kuhusu huduma za kwenu, mlijibu nini? Semeni kweli. Wa kunitukana pia karibuni, nimejitukana vya kutosha, hamtanishtua.