Tosha ya Kisangani, tosha ya Kigoma

Nitaanza na wale waliocheka, kwa sababu hasira yangu nao haijaisha. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la duka letu la fotokopi na kuchapa, hapa komini ya Kisangani, wanangoja makaratasi yao. Semeki yangu, yaani dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amesimama mbele ya mashini, yaani kompyuta, mikono kichwani. Mmoja wa pale benchini akasema, "Mama Tanzania ameua mashini." Wenzake wakacheka mpaka benchi likalia.

Hawakujua kilichokuwa ndani ya flashi aliyoichomeka. Mimi nilijua. Zilikuwa picha za mtoto wake wa kiume aliyefia kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Hazikuwepo mahali pengine popote. Jirani mwenye simu nzuri ndiye aliyezipiga, mpiga picha wa pale kambini akazihamishia kwenye flashi yake kuukuu, akampa. Semeki aliibeba imefungwa kwenye pindo la kikwembe, kitenge chake, mpaka Uvira, na kutoka Uvira mpaka hapa, kwa mdogo wake, mume wangu, anayepakia mizigo kwenye ndege kule Bangboka. Mtoto huyo tulikuwa tunamsikia tu. Sura yake hatukuwahi kuiona, maana kila tulipochomeka ile flashi ilionekana tupu.

Haikuwa tupu. Ilikuwa mgonjwa, kama flashi zote za mji huu. Virusi vinaficha dosie zako, yaani folda, na kuweka za uongo mahali pake, na wanafunzi wanakuja kwetu wanalia kwamba kazi ya mwaka mzima imekwenda. Haijakwenda. Imejificha, na ukiandika amri fulani kwenye dirisha jeusi inatoka. Shida ni kwamba amri hiyo ni ndefu, imejaa mikwaju na herufi moja moja, na ukikosea nafasi moja mashini inakujibu kama vile umeitukana. Patron, mwenye duka, alisema tungoje fundi. Nilingoja wiki baada ya wiki. Fundi hakuja, nikaacha kumngoja.

Tunatumia programu ya kupanga mafaili yenye pande mbili, kushoto unakotoa, kulia unakopeleka. Ukibonyeza kitufe kimoja inakufungulia dirisha jeusi ndani ya dosie ile ile uliyosimama. Basi ukiingia kwenye mipangilio yake, kuna mahali inakuuliza "interpréteur" wako ni nani. Ndivyo wanavyoita kwa Kifaransa, mkalimani. Nilipasoma nikasema, kumbe mkalimani anachaguliwa. Nikamfuta yule aliyekuja na mashini, nikaandika njia ya faili yangu ndogo niliyoitunga mwenyewe, mtoto mgongoni. Mara ya kwanza dirisha lilifunguka na kujifunga kama jicho. Mara ya pili vilevile. Nilikasirika siku mbili nzima kabla ya kuona kwamba jina la dosie lina nafasi katikati, mashini inasoma neno la kwanza na kuacha la pili. Nikatia alama za kunukuu mwanzo na mwisho, likafunguka, likatulia.

Ndani ya faili ile nilikuwa nimeipa mashini maneno yetu. Ukiandika "onesha", inatoa vilivyofichwa na kutaja jina la kila kimoja. Ukiandika "peleka", inapeleka vilivyo vizima upande wa kulia. Ukiandika "tosha", takataka iliyobaki kushoto inaondoka yote mara moja, bila kukuuliza "oui ou non", ndiyo au hapana, kwa kila faili. Watu wako wanangoja, nani ana muda wa maswali? Nikayaandika maneno hayo kwa kalamu ya bic juu ya plasta, nikaibandika ukingoni mwa skrini. Nilifanya hivyo kwa ajili ya semeki, kusudi ashike kazi ninaponyonyesha. Kifaransa chake ni kidogo, Lingala hana kabisa. Kiswahili anacho kuliko sisi wote.

Onesha nilimfundisha. Peleka nilimfundisha. Tosha sikumfundisha. Hapa nani anafundishwa tosha? Mtoto wa hapa anaisikia kabla hajaota meno. Tosha kidole mu kinywa, yaani kitoe. Tosha viatu. Mutoshe ule mutoto mu mvua.

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya pazia na binti yangu. Semeki alikuwa ameona onesha ikirudisha dosie za wanafunzi, moja baada ya nyingine, na nadhani hakuweza kuvumilia tena. Akafungua pindo, akachomeka flashi yake, akaandika onesha. Majina yakaanza kushuka, meupe juu ya weusi, kwa kasi, bila kusimama. Nikasikia vidole vyake kwenye herufi, kisha sauti moja ndogo ambayo sijui niielezeje. Nilitoka na titi nje.

Upande wa kushoto hakukuwa na kitu.

"Semeki, uliandika nini?"

"Nilitaka isimame kwanza, wifi. Niliona yanamiminika tu, nikadhani yanamwagika yote. Nikaiambia tosha."

"Tosha?"

"Si imeandikwa hapo? Inatosha. Kama mtu anayekumiminia chai."

Mashini ilikuwa imelishika neno lake ikangoja mpaka majina yaishe, halafu ikatii. Wale wa benchi ndipo walipoelewa kosa la neno, na ndipo walipocheka.

Nikawageukia. "Mwenye kucheka abebe makaratasi yake atoke. Muko munacheka mutoto mwenye alikufa."

Yule aliyeanza akatazama miguu yake.

Patron akatoka nyuma na flashi ya mteja mkononi. Si mtu mbaya, ila ana haraka kama mtu anayefukuzwa. "Bon, kama imepotea imepotea. Tosha iyo flashi, client iko anangoya."

Semeki alishtuka aliposikia neno. Nikaweka kiganja changu juu ya flashi. "Papa patron, hakuna mutu atagusa hii mashini leo."

"Sasa tutafanya aje? Hii ni kazi ao ni matanga?"

"Vyote."

Nilimweleza, na sikumweleza kwa upole. Picha ukiitosha, mashini inafuta jina tu kwenye mlango. Mwenyewe bado yuko ndani amekaa. Akija mwingine akapewa chumba kile, hapo ndipo anatolewa kweli. Kwa hiyo mtu yeyote asiandike kitu chochote juu ya flashi hii, hata herufi moja. Nilikuwa na programu inayopita chumba kwa chumba kutafuta picha, niliipata kwa mwanafunzi mmoja. Nikaianzisha. Ikaanza kutembea polepole kama mwanamke mwenye mimba kubwa, na kabla haijafika mbali umeme ukaenda.

Kama ningefungua mdomo ningewatukana hata wasiokuwepo. Patron alinitazama, akamtazama semeki, akavua saa yake, akaenda uani akavuta kamba ya jenereta mwenyewe na shati lake jeupe. Aliporudi lilikuwa na mkono mweusi wa mafuta. Nikaanzisha upya tangu mwanzo.

Wakati inatembea, nilihitaji mahali pa kuweka hasira. Nikafungua faili ya mkalimani kwenye mashini ya pili, nikasema neno hili silitaki tena.

"Weka futa," semeki akasema.

"Hapa watasikia mafuta. Tuweke pangusa."

"Pangusa ni vumbi, wifi."

"Weka Lingala," patron akasema toka mlangoni. "Longola. Kila mutu anasikia."

"Semeki hasikii Lingala, papa. Ju ya nani tunafanya hii kazi?"

Semeki akavuta kiti karibu yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imara. "Liache neno lenu. Nitalizoea, si niko kwenu? Lakini mashini iulize kwanza. Mtu akiniuliza, nitajua amesikia nini."

Nikaandika mstari mmoja juu ya tosha: "Niviondoe vyote, kweli?" Usipojibu ndiyo, herufi zote tano, haifanyi kitu. Tukaijaribu kwenye dosie ya uongo mara nyingi. Semeki alijibu hapana kila mara, kwa furaha, na kila mara mashini ikamwachia vitu vyake.

Picha zikaanza kutoka. Hazikuwa na majina, ni namba tu, na hazikuwa zake. Mpiga picha wa kambini alikuwa ametumia flashi ile miaka mingi kabla ya kumpa. Akatoka bibi harusi na miwani ya jua. Akatoka mbuzi. Ikatoka timu ya mpira, nusu yao peku. Mzee mmoja amekumbatia redio kama mjukuu. Tulizifungua moja moja, na bila mtu kuwaita, wale wa benchi wakasimama nyuma yetu.

"Ni huyu, mama?"

"Siye."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Huyo ni wa jirani. Yuko hai huyo, mkorofi kabisa."

Binti yangu akaanza kulia. Yule aliyesema Mama Tanzania akamchukua mgongoni mwangu bila kuombwa, akamtembeza huku na huku mpaka akanyamaza. Nikamwachia. Sikumshukuru.

Halafu semeki akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Ilikuwa uso na mabega. Mtoto mwenye paji pana kama la mume wangu, anatazama juu kidogo ya kamera, mdomo umefunguka kama anayetaka kujibu. Chini ya kifua picha ilikatika, na kutoka hapo kwenda chini ilikuwa kijivu tupu. Mahali pale flashi kuukuu ilikuwa imeshaoza zamani. Tulifungua zote zilizobaki. Nyingine hazikufunguka, na zilizofunguka hazikuwa za kwake. Ilikuwa hiyo moja.

Kisha patron akakohoa. Kazi yake anayoijua vizuri ni kurembesha picha. "Mama, naweza kumumalizia. Niko na suti ya mutoto, na miguu, na majani chini. Hautaona fasi ilikatika."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, na lisingekuwa jibu zuri. Lakini semeki alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu afike kwetu.

"Suti? Huyu? Hata shati nilimfukuzia kambi nzima." Akaweka kidole juu ya kijivu. "Hapa ameshika kikombe changu. Maji yote yameshamwagika, kikombe amekataa kutoa. Hapa ni tumbo, kitovu kimetokeza hivi, watu walikuwa wanakibonyeza. Huu mguu mmoja uko chini. Na huu mwingine amekanyaga wangu. Mimi niko hapa, nimechuchumaa, namshika kwa nyuma asianguke."

Sote tukatazama mahali alipoonyesha.

"Kwa hiyo ni-imprimer kwa karatasi hivi hivi?" patron akauliza. "Na kijivu chake?"

"Na kijivu chake."

Patron akatoa ile karatasi ya kung'aa tunayowekea watu wa harusi, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye mashini ya kuchapa mwenyewe.