Karibu Iliyotuponza

Watu husema wanafunzi wa zamani walikuwa majasiri. Mimi sikuwa. Bomu la kwanza la machozi lilipotua, nilikuwa wa kwanza kuvua viatu na kutimua mbio, nikimburuta msichana mwenzangu kwa mkono.

Karo ilikuwa imepandishwa katikati ya mwaka, nasi tukaandamana. Asubuhi ile mkuu wa chuo alikuwa ametuonya kwamba atakayekamatwa na polisi asirudi tena. Mwenzangu alitoka bara. Baba yake alifanya kazi ya reli hadi alipopunguzwa, na yeye ndiye mtoto wa kwanza kwao kufika chuo. Angekamatwa yeye, ingekuwa msiba wa ukoo mzima.

Tulikatiza mtaa wa Makadara, tukajitoma katika vichochoro vya Mji wa Kale mpaka nyumbani kwa shangazi yangu. Mumewe alikuwa amefariki majuzi, naye yumo edani: miezi minne na siku kumi hatoki, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Mimi ndiye niliyepelekwa kukaa naye.

Shangazi alitutazama, macho yetu mekundu, miguu imechubuka.

"Ngiani chumbani kwangu," alisema. "Mukae kitako, munyamaze."

Nilitia komeo mlango wa nje, tukaingia. Tukasikia mabuti yakija kichochoroni, mlango wa jirani ukigongwa, mama wa humo akilia kwamba hana mwanafunzi. Kisha yakasimama kwetu.

"Hodi!"

Na mwenzangu, aliyelelewa vizuri mno, kwao hodi haiachwi bila jibu, akaitika kwa sauti safi kabisa: "Karibu!"

Nilitamani kumnyonga. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka upya, na safari hii si ya moshi.

"Kuna wasichana humo, afande," ilisema sauti ya nje, yenye lafudhi ya bara. "Na wametukaribisha. Tuvunje?"

Komeo likatikiswa. Shangazi alisimama nyuma ya mlango wa nje, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi. Alijibu kwa sauti imara.

"Aliyekukaribisha ni mwana, hayajui ya hapa. Mwenye nyumba ni mimi, na mimi sijakukaribisha. Nimo edani. Sitaki kuonwa ni mwanamume."

Komeo likaacha kutikisika.

"Ni mlango tu, afande," yule wa bara alisema.

"Nyamaza wewe," sauti nyingine ikajibu, ya mtu wa hapahapa pwani. Kisha, kwa upole: "Tuwiye radhi, mama. Mungu amrehemu marehemu."

Mabuti yakaondoka. Tulikaa sakafuni hadi adhana ya alasiri. Halafu shangazi akatuletea chai ya tangawizi na kumwambia mwenzangu, "Wewe na karibu yako!" Tukacheka mpaka tukalia.

Chuo kilifungwa kwa fujo zile, kikafunguliwa baada ya wiki kadhaa. Karo haikushuka hata kidogo. Mimi nililipiwa nikarudi, na bangili za mama yangu sikuziona tena mkononi mwake. Jina la mwenzangu halikuwa na doa, hakukamatwa, hakufukuzwa. Alikosa karo tu.

Alikuja kuaga mchana mmoja, begi begani. Aliposema hodi, shangazi aliniwahi kuitika: "Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

"Siwezi, mama. Basi la nyumbani linaondoka."

Shangazi aliinuka upesi, akafika hadi mlangoni, na hapo akakumbuka eda. Kichochoro kilikuwa kimejaa wanaume watokao sala. Alifungua mlango kiasi cha mkono kupita, akautoa mkono wake nje, na mwenzangu akaushika. Nilikuwa nyuma ya shangazi nikiwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Polisi tuliwazuia kwa mlango ule ule, lakini karo haikuhitaji kupiga hodi.

Shangazi hakuuondoa mkono wake mpaka mwenzangu alipouachia.