Mguu Ulioungua Chini ya Mgunga

Sikulazimishi uamini. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa mita: kitu kisichosomeka kwenye mita, kwangu hakikuwepo. Lakini hili lilinipata mimi, hapa Garissa, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Ukija nyumbani nitakuonyesha mahali penyewe, mti bado upo.

Kazi yangu ni kutengeneza bodi za umeme, zile sahani nyembamba unazoziona ndani ya redio ukiifungua. Zamani nilikuwa na kibanda sokoni, narekebisha simu. Kisha binamu yangu anayeishi kule Hadado akaniomba kifaa cha kuzima pampu ya kisima tangi likijaa, maana maji yalikuwa yanamwagika bure na mifugo ina kiu. Nikakiunga kwa waya na gundi, kikafanya kazi, na watu wa visima vingine wakaanza kunipigia simu. Basi nikaona wacha niwe na karakana yangu nyumbani, bodi nizichonge mwenyewe.

Hooyo, mama yangu, alinipa stoo yake ya nyuma. Nikaingiza meza ya mbao, nikapandisha sola juu ya bati, nikanunua betri, chuma cha kulehemu, taa yenye lenzi na drili ya kutoboa matundu membamba. Pasi nilikuwa naazima ya mke wangu Fardosa, ile ya nguo, kwa sababu mchoro wa bodi unauchapisha kwenye karatasi ya kung'aa halafu unaupiga pasi juu ya shaba ya ile sahani, wino uhamie hapo. Siku moja pasi hiyo ikaacha wino kwenye buibui lake la Idi. Fardosa huuza maziwa ya ngamia sokoni na mdomo wake ni wa soko. Hayo aliyoniambia wacha yabaki ndani.

Kitu cha mwisho kufika kilikuwa dawa ya kula shaba. Ni unga unaokuja na basi kutoka Nairobi. Ukiukoroga kwenye maji yanakuwa kahawia, unatumbukiza bodi, na shaba yote isiyofunikwa na wino inaliwa. Dawa hiyo ikikugusa kidole, inaacha doa la manjano ambalo halitoki hata usugue na nini. Hilo doa liweke akilini.

Ikishachoka nilikuwa naimwaga nyuma ya nyumba, chini ya mgunga. Hooyo aliponiona mara ya kwanza akaniita. "Waryaa, hayo maji unayamwaga na bismillahi?"

Nikacheka. Unajua huku kwetu mtu hamwagi maji ya moto ardhini bila kutaja jina la Mungu, kwa sababu kuna viumbe wengine wanaokaa hapo, na wana watoto. Nililelewa nikiyasikia hayo. "Hooyo," nikamwambia, "haya si maji ya chai. Ni kemikali tu." Akarudi jikoni.

Wakati huo binti yetu Hibo alikuwa ndiyo anaanza kusimama. Alikuwa akishika mguu wa meza yangu, anajiinua, anaachia, anakaa chini kwa kishindo na kucheka. Kila jioni Fardosa alimwita kutoka mlangoni, mikono ameinyoosha. Tuliingoja hatua ile ya kwanza kuliko tulivyongoja mvua.

Sasa sikiliza. Ilikuwa adhuhuri, ile saa maduka yanafungwa na mbuzi wanajibanza kwenye kivuli cha ukuta. Fardosa alikuwa sokoni, Hooyo na Hibo wamelala. Mimi nilikuwa nalehemu. Nikainua macho, nikamwona mwanamke amesimama kwenye mlango wa nyuma, amejitanda nguo ya kizamani, amempakata mtoto. Sikuwa nimesikia hatua zake. Kwa joto lile, usoni mwake hapakuwa na tone la jasho.

"Mtoto wangu ameungua," akasema. Kisomali chake kilikuwa cha porini, cha zamani. Mara ya mwisho kukisikia ni kwa nyanya yangu, Mungu amrehemu.

"Walaal, dada yangu, mpeleke hospitali. Mimi ni fundi wa umeme."

"Dawa yake unaijua wewe."

Akafunua nguo. Unyayo wa mtoto ulikuwa umechubuka, na kuzunguka kidonda palikuwa na doa la manjano. Niliangalia vidole vyangu, nikaangalia unyayo ule. Rangi ni moja. Katika mji huu sikumjua mtu mwingine mwenye dawa ile.

Nikachukua beseni, nikachanganya maji na magadi niliyoyaweka karibu kwa ajili ya ajali za kazi, nikamwosha. Mguu wenyewe ulikuwa mwepesi mno, niamini, ilibidi nitazame kuhakikisha nimeushika. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nagomba, kwa sababu nikiogopa hugomba. "Mnawaacha watoto wanacheza ovyo. Mnakaa wapi nyinyi?"

"Nyuma yako. Chini ya mgunga."

Nyuma yangu kuna mgunga na ua wa miiba. Hakuna nyumba, hakuna hata hema.

"Tulikuwepo kabla ya nyumba hii," akasema, taratibu kabisa. "Mama yako akimwaga maji hutupigia hodi, tunawaondoa watoto. Wewe hukupiga."

"Sikujua."

"Uliambiwa."

Akautazama mguu wa meza, pale chini penye alama za viganja vya Hibo. "Wangu naye alikuwa anaanza kusimama," akasema. "Ngamia wako wa fidia sitaki. Siku wangu atakapokanyaga, wako atakanyaga."

Akamfunika mtoto, akatoka. Nilimfuata mbio. Kwenye vumbi la nyuma palikuwa na nyayo zangu tu.

Utasema ni joto. Hata mimi nilisema ni joto. Lakini jioni ile Fardosa alipomwita, Hibo alishika mguu wa meza, akajiinua, magoti yakalegea. Kesho yake vilevile. Daktari akampima akasema mifupa haina kasoro. Watoto wa umri wake wakatembea, wakakimbia, yeye anawatazama akiwa kwenye mkeka. Fardosa alikuwa akilia jikoni akidhani simsikii.

Mwishowe nikamweleza Hooyo. Nilitarajia anigombeze, bora angenigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimwosha mara moja ukaona yamekwisha? Aliyeungua huoshwa mpaka apone."

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri nilipeleka chini ya mgunga beseni la maji safi na kikombe cha maziwa, nikasema bismillahi, nikaondoka bila kugeuka. Dawa iliyochoka nikaanza kuitia kwenye dumu lenye kifuniko. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena. Siku moja ardhi ilikuwa bado mbichi, nikaenda kuchukua beseni. Kando yake palikuwa na nyayo za mtoto mdogo. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga wote. Wa pili vidole tu, kisigino hakikugusa chini.

Nilikimbia ndani. Hibo alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajashika kitu, Hooyo amejiziba mdomo kwa ushungi. Hibo akaja kwangu, hatua moja, nyingine, mpaka nikamdaka. Nililia siku ile bila kumwonea mtu haya.

Sasa anakimbia, huwezi kujua aliwahi kuwa mgonjwa. Lakini adhuhuri, wenzake wakiingia kulala, yeye husimama kwenye mlango wa nyuma ameushikilia wazi. Juzi nikamwambia aingie, jua kali.

"Ngoja, Aabo," akasema. "Mwenzangu anakuja polepole."

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza kazi hii ya bodi, nunua chuma kizuri cha kulehemu, nunua mita nzuri, uliza nikuelekeze duka. Ila usimwage kitu ardhini kabla hujapiga hodi, na usijiambie ni kemikali tu. Mimi nilijiambia hivyo, na mpaka leo kuna mtoto anachechemea nyuma ya nyumba yangu.